Msaidizi wa Daktari na Imani ya Mgonjwa

Katika hospitali za ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi mpaka Rumonge na kuteremka kusini hadi Nyanza-Lac, liko swali linaloulizwa kabla mgonjwa hajashushwa garini. Swali lenyewe ni fupi: "Daktari yupo?" Huulizwa na mvuvi aliyemleta nduguye mwenye jicho lililojeruhiwa kwa ndoana. Huulizwa na jamaa wa mkata ngazi za mawese aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi. Huulizwa, tena kwa sauti kubwa zaidi, na polisi aliyebeba majeruhi wa ajali ya barabarani, na askari aliyemleta mkewe mwenye uchungu wa kuzaa. Na mara nyingi jibu huwa kwamba daktari hayupo. Yuko katika chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine, au ameitwa Bujumbura, au amekwenda kulala baada ya kukesha usiku mbili mfululizo. Aliyepo ni msaidizi wake.

Hapo ndipo safari ya mgonjwa inapoweza kupinduka. Wako wanaoshukuru na kuingia ndani. Wako wanaoguna, wakakaa barazani kusubiri. Na wako wanaogeuza gari palepale na kushika barabara ya Bujumbura, mwendo wa kilomita 70 na zaidi kutoka Rumonge, kumtafuta "daktari mwenyewe". Uamuzi huo wa mlangoni, unaofanywa kwa dakika tano na watu wenye hofu, una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Mguu uliovunjika na kukosa damu hauwezi kungoja mpaka kesho.

Kwanza yafaa ieleweke msaidizi huyu ni nani, maana lugha yenyewe huchangia kutatiza mambo. Katika Kirundi cha kila siku, mtu aliyevaa koti jeupe huitwa umuganga, awe amesoma udaktari chuo kikuu au awe muuguzi. Ingawa liko pia neno umuforoma, lililotokana na Kifaransa, kwa ajili ya muuguzi. Katika Kiswahili cha ng'ambo ya Kigoma, mganga anaweza kuwa hata mwenye tunguri na hirizi. Basi haishangazi kwamba mgonjwa anayeambiwa "mganga yupo" hajui ameambiwa nini. Msaidizi anayezungumzwa hapa ni mtu aliyefundishwa tiba kwa miaka michache kuliko daktari, akapewa ruhusa ya kupima, kutambua ugonjwa, kuandika dawa, na pengine kupasua, chini ya uangalizi wa daktari. Tanzania imewaita matabibu na madaktari wasaidizi. Kenya na Uganda zinao pia. Marekani inao kwa maelfu mengi. Nchini Burundi kazi ya namna hiyo imebebwa kwa kiasi kikubwa na wauguzi, hasa wale wa ngazi ijulikanayo kama A2, ambao ndio wanaoongoza vituo vya afya tarafani, pamoja na wale walioongezewa mafunzo maalumu katika utoaji wa dawa ya usingizi, macho, magonjwa ya akili na uzazi.

Haikuwa hivyo kwa bahati mbaya. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye madaktari wachache sana kwa kulinganisha na idadi ya watu, na mabingwa, yaani wale wa mifupa, macho, ngozi, moyo na kadhalika, wengi wao wako Bujumbura, katika hospitali kama ile ya Prince Régent Charles, hospitali ya chuo kikuu, na hospitali ya jeshi ya Kamenge. Tangu Mei 2006, serikali ilipofuta malipo kwa akina mama wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa waliongezeka ghafula katika vituo na hospitali. Akina mama waliokuwa wakizalia nyumbani kwa kukosa fedha walikuja. Madaktari hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Bila wasaidizi, milango mingi ya ufukoni ingebaki imefungwa.

Hata hivyo, askari ndio wangepaswa kuwa watu wa mwisho kumdharau msaidizi, kwa sababu historia yake ilianzia kambini. Katika majeshi ya Ulaya ya zamani alikuwapo mtu aliyeitwa feldsheri, neno la Kijerumani lenye maana ya kinyozi wa uwanja wa vita. Yeye ndiye aliyenyoa ndevu, akafunga vidonda na kukata viungo vilivyooza. Jeshi la Urusi lilimchukua, na baadaye feldsheri akawa mtibabu mkuu wa vijiji vya nchi hiyo. Nchini Marekani, mwaka 1965, Daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianzisha kozi ya wasaidizi wa madaktari. Wanafunzi wake wa kwanza hawakutoka mashule makubwa. Walikuwa watibabu wa jeshi la wanamaji, vijana waliokwisha kufunga vidonda vingi kuliko daktari mgeni, lakini ambao walipovua sare hawakuwa na cheti cha kuwaruhusu hata kuchoma sindano. Watatu wao walihitimu tarehe 6 Oktoba 1967. Na nchini Msumbiji, mwaka 1984, wakati vita vilipokuwa vikiunguza mashamba na madaktari wapasuaji wakiwa wachache mno, serikali ilianza kuwafundisha mafundi wa upasuaji kwa miaka mitatu ili wawatibu majeruhi mikoani. Vita vilipokwisha, mafundi hao waliendelea kuwapasua akina mama wenye uzazi mgumu, na katika hospitali za wilaya wao ndio waliofanya sehemu kubwa kabisa ya kazi hiyo.

Burundi nayo ina mizizi yake. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na sasa ni Huye nchini Rwanda, ilikuwa na tawi la kufundishia wasaidizi wa madaktari kwa ajili ya Ruanda-Urundi yote. Mkoloni hakutaka kumfundisha Mwafrika udaktari kamili. Chuo kikuu cha Lovanium cha Leopoldville kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Kwa hiyo vijana wa Astrida walifanya kazi za daktari wakilipwa na kuitwa wasaidizi. Huenda hapo ndipo ilipoanzia dhana iliyobaki vichwani mwa watu, kwamba msaidizi ni mtu aliyepewa wananchi kwa sababu walionekana hawastahili kilicho bora. Dhana hiyo ina chembe ya haki ndani yake, na haifutwi kwa kumkemea mgonjwa.

Mfano ulio karibu zaidi uko kusini, ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kigoma. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963. Mtu aliyekuwa tabibu mwenye uzoefu wa miaka kadhaa alirudishwa masomoni kwa miaka miwili, na ndani ya muda huo alitumia miezi mitatu katika upasuaji na miezi mitatu katika uzazi. Kisha alipelekwa wilayani, ambako mara nyingi ndiye aliyekuwa mtu pekee mwenye uwezo wa kushika kisu. Katika hospitali ya mkoa ya Maweni mjini Kigoma, kati ya mwaka 1984 na 1991, vifo vya akina mama wajawazito vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Taarifa ya kazi hiyo, iliyoandikwa na Daktari Godfrey Mbaruku na mwenzake Bergström na kuchapishwa mwaka 1995, haikudai kwamba ni kazi ya kundi moja. Vyombo vilivyoharibika vilitengenezwa, damu ya akiba ikapatikana, wafanyakazi wakawa wanakutana na kuchunguza kila kifo bila kufichana. Lakini waliokuwa zamu usiku, waliopokea na kutenda, wengi hawakuwa mabingwa.

Swali la kama mkono wa msaidizi ni salama lilijibiwa kwa hesabu baadaye. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulipitia hospitali za mikoa ya Kigoma na Mwanza, ukaangalia upasuaji mkubwa wa uzazi zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa sana ya upasuaji huo ilifanywa na madaktari wasaidizi. Wachunguzi walipolinganisha matokeo yao na yale ya madaktari wenye shahada, hawakuona tofauti yenye maana: si katika vifo vya mama, si katika vifo vya watoto, wala si katika ubora wa kazi yenyewe.

Jambo hili linawagusa watu wa Rumonge na Nyanza-Lac kuliko wanavyokumbuka. Maelfu ya familia za ufukoni zilikimbilia Tanzania mwaka 1972, zikaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyingine zilikimbia baada ya 1993 na kukaa katika makambi ya Kigoma. Wengi walirudi, hasa kati ya 2002 na 2010. Watu hao, waliozaliwa na kuzaa huko, walitibiwa na matabibu na madaktari wasaidizi miaka nenda miaka rudi, wakawaita "daktari" bila kuuliza cheti. Huenda leo mzee aliyepasuliwa ngiri akiwa Katumba, akapona, ndiye anayekaa barazani Rumonge akikataa kushikwa na muuguzi. Si unafiki. Ukimbizini hakuwa na la kuchagua. Nyumbani anaona ana haki ya kuchagua.

Imani ya mgonjwa, hata hivyo, si kitu kimoja. Hubadilika kwa aina ya ugonjwa. Kwa homa, kuharisha na kikohozi, watu wa ufukoni hawana taabu na muuguzi; kipindupindu kinapozuka kando ya ziwa, wauguzi ndio wanaotundika chupa za maji ya mishipani, na hakuna anayeuliza shahada. Lakini maradhi yakiitwa ya bingwa, mambo hugeuka. Jicho hutisha, kwa sababu likipotea halirudi. Ingawa nchini Kenya matabibu waliofundishwa macho wamekuwa wakiwaondolea watu mtoto wa jicho kwa miaka mingi. Mfupa nao hutisha, hasa kwa askari na polisi ambao mguu ndio mshahara wao. Ngozi haitishi, lakini huona haya. Mgonjwa wa ngozi au wa magonjwa ya zinaa hatafuti cheo, hutafuta mtu asiyemjua. Na katika mji mdogo msaidizi anayekaa mtaa mmoja naye ndiye anayemwogopa zaidi. Hofu hiyo haihusu elimu hata kidogo, ila ulimi. Msaidizi anayetunza siri hupata wagonjwa. Asiyeitunza huwafukuza, hata angekuwa na shahada tatu.

Liko jambo ambalo wagonjwa wengi hawalifikirii kabisa. Mtu anayekwenda kupasuliwa huuliza jina la mpasuaji, huuliza amesomea wapi, hata humwombea dua. Hamuulizi anayemlaza usingizi. Naye huyo ndiye anayeshika pumzi yake mkononi kwa saa nzima. Nchini Burundi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, anayefanya kazi hiyo kwa kawaida si daktari, bali ni muuguzi aliyefundishwa kazi ya usingizi. Kwa maneno mengine, hata yule aliyefunga safari hadi Bujumbura kumkimbia msaidizi, huenda amelala na kuamshwa salama na msaidizi, akarudi nyumbani kumsifu daktari.

Kwa akina mama mizani huweza kulala upande mwingine. Katika nyumba za Waislamu wa Rumonge, na si kwao peke yao, mwanamke mjamzito huona vizuri kuhudumiwa na mwanamke mwenzake. Wauguzi na wakunga wengi ni wanawake. Madaktari wengi ni wanaume. Basi hapo msaidizi ndiye anayetakiwa, na mume anayelazimisha daktari aitwe hajamuuliza mkewe anataka nini.

Huko Marekani, ambako wasaidizi wa madaktari wameenea katika karibu kila fani ya ubingwa, watu wameulizwa mara nyingi. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kiasi cha nusu ya waliohojiwa walipenda kuonwa na daktari. Lakini walipoelezwa kwamba kumwona msaidizi kutawapunguzia kungoja, walio wengi wakamchagua msaidizi. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2005 uliohusu wazee ulionyesha kwamba waliotibiwa na wasaidizi waliridhika sawa na waliotibiwa na madaktari. Ni nchi nyingine, yenye mali nyingine, lakini tabia ya mwanadamu mgonjwa haitofautiani sana: kabla ya kutibiwa hutazama cheo, na baada ya kutibiwa hukumbuka kama alisikilizwa.

Cheo ndicho kinachowasumbua zaidi wenye sare. Kapteni hapendi kuvua shati mbele ya koplo. Ofisa wa polisi huona amepunguziwa hadhi anapopokewa na kijana wa A2, naye amezoea kupigiwa saluti. Lakini kapteni huyohuyo, njiani penye mabomu ya kutegwa, hutembea nyuma ya koplo aliyefundishwa kuyategua, tena kwa hatua za uangalifu, bila kumkumbusha nani ni mkubwa. Askari wa Burundi waliotumikia Somalia tangu mwishoni mwa 2007 wanajua kwamba anayemfikia majeruhi kwanza si daktari bingwa. Ni mwenzake aliyefundishwa kufunga mshipa unaovuja na kufungua njia ya pumzi. Atakayemwona daktari ni yule aliyefika akiwa hai.

Tatizo huwa kubwa pale bunduki inapoingia pamoja na mgonjwa. Askari anayesimama mlangoni na silaha begani, akisema kwa ukali kwamba anataka daktari na si mwingine, hapati tiba bora kwa njia hiyo. Anachopata ni msaidizi mwenye mikono inayotetemeka, au daktari aliyeng'olewa kutoka kwa mtoto aliyekuwa akimshughulikia. Na raia waliokaa kwenye mabenchi hutazama. Wakiona mwenye mamlaka amemkataa msaidizi, siku yao ikifika nao watamkataa. Polisi wa barabara ya ufukoni wana mzigo mkubwa zaidi katika hili, maana mara nyingi wao ndio wanaoamua majeruhi apelekwe wapi. Majeruhi aliyepitishwa mbele ya hospitali ya karibu, eti kwa kuwa mwenye zamu ni msaidizi, huenda akafika Bujumbura damu ikiwa imekwisha, ambapo msaidizi angeweza kuizuia, kumwekea maji, kumfunga mguu kwa ubao na kumtuma akiwa ametulia.

Haya yote hayana maana kwamba mgonjwa akubali kila anayevaa koti jeupe. Msaidizi ana mpaka wa kazi yake, na mwenye kuuvuka ni hatari kuliko asiyejua kitu, maana anaaminiwa. Aliyefundishwa kutibu macho mekundu si lazima awe amefundishwa kupasua jicho. Aliyefundishwa kufunga plasta anapaswa kutambua mfupa unaohitaji chuma, akaandika rufaa mapema. Uangalizi wa daktari nao uwe wa kweli. Jina lililoandikwa ukutani la mtu aonekanaye mara moja kwa mwezi halimlindi mgonjwa. Malalamiko ya wananchi kuhusu wasaidizi walioachwa peke yao kwa majuma ni ya haki, na lawama yake haiwaangukii wasaidizi.

Nchini Uingereza jambo hili liligeuka kuwa mzozo wa taifa. Wasaidizi waliitwa kwa jina lenye maana ya washirika wa madaktari, na baadhi ya wagonjwa walitibiwa wakiamini wameonwa na daktari. Serikali iliagiza uchunguzi, na taarifa yake, iliyotolewa Julai 2025 na Profesa Gillian Leng, ilipendekeza waitwe wasaidizi wa madaktari, wavae alama za kuwatambulisha waziwazi, na wasiwe wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Wakati huohuo, huko Marekani chama chao kilikuwa kimekwisha kuamua mwaka 2021 kuacha neno msaidizi na kuchukua neno mshirika. Kilichowakasirisha Waingereza wengi, kuliko elimu ya mtu huyo, ni kutoambiwa yeye ni nani. Agizo la mwisho miongoni mwa hayo, kwamba asiwe wa kwanza kumwona mgonjwa, lingefunga nusu ya zahanati za Afrika Mashariki siku ileile. Lakini lile la kujitambulisha halihitaji fedha wala chuo kikuu.

Mtu mwenye sare analielewa jambo hilo upesi. Cheo chake kiko begani na jina lake kifuani, ili raia ajue anazungumza na nani na amshitaki nani akidhulumiwa. Msaidizi naye anaweza kusema, kabla hajamgusa mgonjwa, jina lake, kwamba yeye ni muuguzi wa macho au wa usingizi na si daktari, kazi aliyofundishwa, na daktari gani atamwita likimshinda. Mgonjwa naye anayo haki ya kuuliza hayo kwa adabu, na kuuliza pia gari la wagonjwa liko wapi iwapo rufaa itahitajika.

Gari hilo si jambo dogo. Kule Kabezi, kati ya Bujumbura na Rumonge, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kituo cha uzazi wa dharura tangu 2006. Muuguzi wa kituo cha afya milimani, aliyeona dalili za hatari, aliita, na gari likaja usiku au mchana kumchukua mama bila malipo. Aliyeokoa maisha usiku ule alikuwa daktari mwenye kisu. Vilevile alikuwa yule muuguzi wa A2, peke yake na taa yake, aliyejua kwamba hapa ndipo uwezo wake unapoishia, akainua simu kabla ya alfajiri.